Kurejelewa kwa Makala na Uzito wa Utafiti: Somo kutoka Kliniki ya Kifafa ya Mahenge

Katika vyuo vya tiba mtafiti hupimwa kwa hesabu mbili: idadi ya makala alizochapisha katika majarida ya kitaaluma, na idadi ya mara ambazo makala hizo zimerejelewa na watafiti wengine. Hesabu hizi huchangia kuamua nani apandishwe cheo na nani apewe fedha za utafiti, na kwa njia hiyo huchangia pia kuamua ni ugonjwa gani utakaochunguzwa na ni upi utakaosubiri. Siku hizi zimetoka nje ya kuta za vyuo. Mhudumu wa afya hukutana nazo anaposoma mwongozo mpya wa matibabu. Mgonjwa hukutana nazo anapoambiwa na muuza virutubisho vya kuongeza kumbukumbu kwamba bidhaa yake inatokana na utafiti uliorejelewa mara elfu kadhaa duniani. Wote wawili wanahitaji kujua hesabu hiyo inasema nini, na ni mahali gani inaponyamaza.

Somo hili linachukua mifano yake katika sayansi ya ubongo na mishipa ya fahamu. Mfano mkuu ni kazi ya Dkt. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norwei, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, katika Wilaya ya Ulanga, mwaka 1960. Kazi yake ilichapishwa, ikasomwa na wachache, kisha ikatafutwa upya baada ya zaidi ya miaka arobaini, wakati watoto wa nchi jirani walipoonekana na ugonjwa uleule alioueleza.

Rejeleo ni nini

Mtafiti anapoandika makala huwajibika kutaja kazi za wenzake alizoziegemea. Kila kutajwa huko ni rejeleo moja. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza kwamba marejeleo yote ya sayansi yakusanywe katika fahirisi moja, na mwaka 1964 fahirisi hiyo ikaanza kuchapwa. Nia yake ya kwanza ilikuwa kumsaidia msomaji kufuata nyayo za wazo: akiwa na makala moja ya zamani mkononi, aweze kuona ni nani waliolitumia wazo lile baadaye, na ni nani waliolipinga. Ilikuwa ramani ya maktaba. Matumizi yake kama mizani ya kuwapima watu yalikuja polepole, na kwa kiasi kikubwa yalikuja kwa sababu namba ni rahisi kuzisoma kuliko makala zenyewe.

Kutokana na fahirisi hiyo vikazaliwa vipimo vingine. Kipimo cha athari cha jarida, kilichoanza kutolewa kwa utaratibu wa kila mwaka katika miaka ya 1970, huhesabu marejeleo yaliyopatikana mwaka huu kwa makala za miaka miwili iliyopita, kisha hugawanya kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani wa jarida zima. Hakisemi lolote kuhusu makala moja wala mtafiti mmoja. Fahirisi ya h ni ya karibuni zaidi. Iliasisiwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California. Mtafiti mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10.

Mfano wa kubuni utasaidia. Mtafiti wa kwanza ana makala nne. Moja imerejelewa mara 400, na nyingine tatu zimerejelewa mara 3, 2 na 1. Jumla yake ni marejeleo 406, lakini h yake ni 2 tu. Mtafiti wa pili ana makala kumi, kila moja imerejelewa mara 10. Jumla yake ni 100, na h yake ni 10. Nani kati yao ametoa mchango mkubwa zaidi? Vipimo viwili vinatoa majibu mawili yanayopingana, na hakuna kati ya hivyo kilichofungua makala hata moja kuangalia ndani yake mna nini.

Makala inayoongoza kwa marejeleo

Makala ambayo kwa miongo mingi imeshika nafasi ya kwanza kwa kurejelewa katika sayansi zote iliandikwa na mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza kemia ya ubongo. Oliver Lowry, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, alikuwa fundi wa vipimo vidogo. Alitengeneza mizani za nyuzi za kwatsi zilizoweza kupima uzito wa seli moja ya fahamu, kisha akapima vimeng'enya vilivyomo ndani yake. Kazi hiyo ilifungua njia ya kuelewa jinsi ubongo unavyotumia sukari na nishati, na nini kinachotokea pale damu inapokoma kuufikia.

Lakini hiyo siyo iliyompa marejeleo. Mwaka 1951 yeye na wenzake watatu walichapisha katika Journal of Biological Chemistry njia ya kupima kiasi cha protini katika kimiminika. Ni maelezo ya kiufundi tu, ya aina ambayo mtaalamu wa maabara huyabandika ukutani. Kila aliyepima protini kwa njia hiyo aliitaja makala ile, awe anachunguza ini la panya au mbegu za maharage. Jarida la Nature lilipofanya hesabu mwaka 2014, makala hiyo ilikuwa imerejelewa zaidi ya mara 305,000. Ili msomaji apate kulinganisha: katika mamilioni ya makala zilizohesabiwa wakati huo, zilizofikia marejeleo zaidi ya 1,000 hazikuzidi 15,000. Lowry mwenyewe alikiri kwamba hakuiona makala ile kuwa kazi yake kubwa, ingawa hakuficha kwamba umaarufu wake ulimfurahisha.

Kwa hiyo rejeleo hupima matumizi. Chombo kizuri hutumiwa na wengi, na wanaokitumia hukitaja. Kwa upande mwingine kuna maarifa yanayotumiwa na watu wengi kuliko njia ya Lowry na ambayo karibu hayatajwi kabisa. Mwaka 1912 huko Ujerumani, daktari kijana Alfred Hauptmann alitoa fenobabitoni, dawa iliyokuwa ikitumika kuleta usingizi, kwa wagonjwa wa kifafa, akaona kwamba degedege zao zinapungua. Zaidi ya karne moja baadaye dawa hiyo bado imo katika makabati ya zahanati, na ni moja ya dawa za bei nafuu zaidi za kifafa. Mhudumu anayehesabu vidonge na kuvitia katika kibahasha hamtaji Hauptmann, wala hana haja ya kumtaja. Ugunduzi ukishakuwa desturi ya kazi, jina la mgunduzi hudondoka. Hesabu ya marejeleo haiwezi kuona jambo hilo.

Mahenge, 1960

Mahenge iko juu milimani, kusini mwa bonde la mto Kilombero. Dkt. Aall, kama alivyoitwa kabla ya ndoa, alifika Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 akiwa na mafunzo ya tiba ya nchi za joto. Miongoni mwa Wapogoro alikuta watu wengi wenye kifafa kuliko alivyotarajia, na alikuta hali zao ni mbaya. Iliaminika kwamba ugonjwa huambukiza kwa mate na povu. Mtu mwenye kifafa alikuwa na chombo chake cha kulia na mara nyingi kibanda chake cha kulala. Akianguka motoni, waliokuwa karibu walisita kumgusa, na ndiyo maana makovu ya moto yalikuwa kama alama ya ugonjwa wenyewe.

Kliniki ilianza kwa fenobabitoni na daftari la wagonjwa. Watu waliokuwa wakifichwa walianza kuletwa, kwa sababu ndugu waliona kwa macho yao kwamba jirani fulani haanguki tena. Msomaji aliyewahi kufanya kazi ya kliniki ya kifafa kijijini anaijua hatua hii: tangazo halisaidii kama mgonjwa mmoja aliyepona kuanguka anavyosaidia.

Miongoni mwa watoto daktari aliona jambo ambalo vitabu vyake havikulieleza. Mtoto aliyekuwa mzima hadi hapo, mara nyingi akiwa katika kula, kichwa chake kiliinama na kuinuka, kikainama tena, kwa mfuatano, macho yakiwa hayaoni na mkono ukiwa umesimama njiani kuelekea mdomoni. Baada ya muda mfupi akarudi katika hali yake. Miezi au miaka ikipita, wengi wao walipata degedege za mwili mzima. Wengine walidumaa, na akili zao zikafifia. Wazazi walikuwa na usemi wao wa Kiswahili kwa hali hiyo: mtoto *amesinzia kichwa*. Yaani lugha ilikuwa imeshauona ugonjwa na kuupa maelezo kabla ya sayansi kuuandika.

Makala yake kuhusu kifafa cha Wapogoro ilichapishwa mwaka 1965 katika Acta Psychiatrica Scandinavica, jarida la magonjwa ya akili la nchi za Ulaya Kaskazini. Haikuleta mtikisiko. Sababu zake si ngumu kuziona. Wataalamu wa mishipa ya fahamu hawakuwa wasomaji wakuu wa jarida hilo. Watafiti wa kifafa vijijini barani Afrika walikuwa wachache mno, na penye watafiti wachache hapana watu wa kurejelea, hata kama wagonjwa ni maelfu. Tena haikuwa makala ya kwanza kupatwa na hali hiyo. Mwaka 1950, katika jarida la East African Medical Journal, Raper na Ladkin walikuwa wameeleza udumavu wa watoto wa karibu na msitu wa Mabira nchini Uganda, ulioitwa Nakalanga, ambao kwa baadhi yao uliandamana na degedege, na wakauhusisha na usubi. Makala hizo mbili zililala kila moja katika rafu yake.

Kufikia wakati makala ya 1965 inatoka, mwandishi wake alikuwa amehamia Kanada, ambako alikuwa daktari wa magonjwa ya akili na baadaye mwalimu wa chuo kikuu huko Vancouver. Lakini alirudi Mahenge mara kwa mara, na hapo ndipo kazi yake ilipokutana na ya wataalamu wa Muhimbili.

Watu 164, miaka 30

Mwaka 1992 jarida la Epilepsia lilichapisha makala mbili ambazo kila mhudumu wa kliniki ya kifafa nchini Tanzania angefaa kuzijua. Katika ya kwanza, Rwiza, Kilonzo, Matuja na wenzao walitoa matokeo ya kuwatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba katika vijiji 11 vya Ulanga vyenye watu wapatao 18,000. Walikuta watu 10.2 wenye kifafa hai katika kila watu 1,000. Namba hiyo peke yake inaficha jambo: kutoka kijiji hadi kijiji kiwango kilibadilika kati ya 5.1 na 37.1 kwa kila 1,000. Tofauti ya mara saba ndani ya wilaya moja haielezeki kwa bahati. Kulikuwa na kitu katika baadhi ya vijiji ambacho hakikuwako, au kilikuwa kidogo, katika vingine.

Makala ya pili iliandikwa na Jilek-Aall pamoja na Rwiza. Walifuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ya Mahenge kwa kipindi cha miaka 30. Walipokuwa katika matibabu, zaidi ya nusu waliacha kabisa kuanguka, na sehemu kubwa ya waliobaki degedege zilipungua. Haya yalipatikana hasa kwa fenobabitoni, dawa iliyokuwa tayari na umri wa nusu karne. Lakini walipotafutwa mwishoni mwa kipindi kile, kiasi cha theluthi mbili walikuwa wamefariki, na kasi ya vifo vyao ilikuwa kama mara mbili ya ile ya watu wengine wa vijijini wa umri wao. Wengi walikufa kwa kifafa chenyewe au kwa ajali zake: degedege zisizokatika, kuzama majini, kuungua moto.

Inafaa kusimama hapa. Ufuatiliaji wa miaka 30 katika kliniki ya kijijini ni jambo adimu popote duniani. Uliwezekana kwa sababu majina yaliandikwa, vijiji viliandikwa, tarehe ya dawa iliandikwa, na daftari halikutupwa. Hakuna kipimo cha marejeleo kinachompa sehemu yake muuguzi aliyeandika mistari ile kwa kalamu ya wino, mwezi baada ya mwezi. Jina lake halimo katika orodha ya waandishi. Bila yeye makala isingekuwapo.

Mwaka 2001 Matuja, Kilonzo na wenzao, Jilek-Aall akiwa miongoni mwao, walichapisha uchunguzi mwingine wa Mahenge uliolinganisha wenye kifafa na wasio nacho. Kifafa katika ukoo na degedege za homa utotoni vilijitokeza miongoni mwa mambo yaliyoandamana na ugonjwa. Kwa mhudumu wa kliniki ya mama na mtoto hilo ni jambo la kutendea kazi siku hiyohiyo, kwa kutibu malaria na homa kali mapema.

Makala ya zamani yaamka

Katika miaka ya mwanzo ya karne hii taarifa za watoto wanaosinzia kichwa zilianza kutoka Sudan Kusini, kisha kutoka kaskazini mwa Uganda, katika wilaya za Kitgum, Pader na jirani zake, mahali ambapo watu walikuwa wametoka katika vita na maisha ya kambini. Wachunguzi wa kimataifa walifika Kitgum mwaka 2009. Mwaka 2012 mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu ugonjwa huo ulifanyika Kampala. Kila aliyeanza kutafuta asili yake alirudi Mahenge: mwaka 2008 Andrea Winkler na wenzake walikuwa wamechapisha uainishaji wa wagonjwa wa huko, na nyuma yao ilisimama makala ya 1965. Tangu hapo imekuwa vigumu kuandika historia ya ugonjwa wa kusinzia kichwa bila kuitaja.

Kati ya 1965 na 2008 ni miaka 43. Kipimo cha athari, kinachotazama miaka miwili tu, kisingeweza kuiona thamani ya makala hiyo hata kwa bahati. Na swali la haki linabaki: ingekuwaje kama ugonjwa ulioelezwa mwaka 1965 ungefuatiliwa kwa nguvu tangu hapo? Haiwezekani kulijibu kwa uhakika. Kinachojulikana ni kwamba katika muda huo wote watoto waliendelea kuanguka motoni.

Utafiti uliofuata ulitazama kwa makini jambo ambalo tofauti za vijiji zilikuwa zikiliashiria: usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi wanaozaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi. Kusinzia kichwa kulionekana pale ambapo usubi ulikuwa mkubwa. Minyoo yenyewe haikukutwa ndani ya ubongo, na namna inavyouathiri haijamalizwa kujadiliwa. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili inayoelekezwa dhidi ya mnyoo huenda ikaishambulia pia protini iliyomo katika seli za fahamu. Lakini ushahidi wa shambani uliwatangulia wataalamu wa maabara. Kaskazini mwa Uganda, baada ya mito kunyunyiziwa dawa ya kuua viluwiluwi vya inzi na ivamektini kutolewa mara mbili kwa mwaka, wagonjwa wapya wa kusinzia kichwa waliacha kuonekana. Mahenge, ambako ivamektini ilikuwa ikigawiwa mara moja kwa mwaka tangu miaka ya 1990, uchunguzi wa miaka ya karibuni ulikuta kifafa bado kiko juu katika baadhi ya vijiji, na matokeo hayo yakatumika kudai kwamba mgawo wa dawa uongezwe.

Iliyorejelewa sana na ikafutwa

Upande wa pili wa sarafu unaweza kuelezwa kwa ufupi. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha makala iliyodai kwamba aina fulani ya protini katika ubongo wa panya ndiyo inayosababisha kupotea kwa kumbukumbu, na kwa hiyo inaweza kueleza ugonjwa wa Alzheimer. Makala hiyo ilirejelewa zaidi ya mara 2,000 na kuchangia kuelekeza fedha na muda mwingi wa watafiti. Mwaka 2024 ilifutwa, baada ya kubainika kwamba picha zake zilikuwa zimechezewa. Wengi walioirejelea hawakuwa na kosa, waliamini walichokisoma. Marejeleo elfu mbili hayakuwa ushahidi elfu mbili. Ulikuwa ushahidi mmoja uliotajwa mara elfu mbili.

Kwa familia yenye mzee anayesahau, tofauti hiyo ni pesa na ni matumaini. Muuzaji akitaja idadi ya marejeleo, ulizo la kwanza liwe kama utafiti huo ulifanywa kwa binadamu au kwa panya, na la pili kama kuna kundi jingine lililourudia na kupata matokeo yaleyale. Makala zilizofutwa huendelea kurejelewa kwa miaka, kwa hiyo ni vema pia kuangalia kama makala yenyewe bado imesimama. Mtu asiye na njia ya kuangalia hayo anaweza kumwomba mfamasia au daktari wake amsaidie. Si jambo la aibu, na ni sehemu ya kazi yao.

Wenyewe wanasayansi wamekwisha kuyaona matatizo haya. Azimio lililotokana na mkutano wa San Francisco mwaka 2012 lilitaka vyuo na wafadhili waache kutumia kipimo cha athari cha jarida kumpima mtafiti mmoja mmoja, na badala yake wasome kazi yenyewe. Vyuo vingi vimetia saini. Kutekeleza ni shida zaidi, maana kusoma makala kumi za mtu kunachukua wiki na kusoma namba moja kunachukua nukta. Kwa watafiti wa Afrika Mashariki kuna mzigo wa ziada: majarida mengi ya kanda hii hayamo katika fahirisi kubwa, na kinachoandikwa kwa Kiswahili karibu hakihesabiwi kabisa, hata kama ndicho kinachosomwa zahanati.

Namba zinazogusa mgonjwa

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, karibu asilimia 80 kati yao wakiishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo. Na kwamba dawa za msingi zinaweza kupatikana kwa chini ya dola 5 za Marekani kwa mtu kwa mwaka. Haya ni mambo ambayo Mahenge iliyaonyesha kwa vitendo tangu 1960.

Kwa hiyo mhudumu anayemwona mtoto ambaye mama yake anasema anasinzia anapokula asimrudishe nyumbani na ushauri wa kulala mapema. Aulize kichwa kinainama mara ngapi, kama mtoto huitika anapoitwa wakati huo, kama amewahi kuanguka, na kama urefu wake unalingana na wa wenzake. Aandike jina la kijiji na la mto ulio karibu, kisha ampe rufaa akaanzishiwe dawa. Kwa ndugu wa mgonjwa wa kifafa maneno ni machache: povu haliambukizi, anayeanguka alazwe ubavu, aondolewe karibu na moto au maji, asitiwe kijiko mdomoni, na dawa isikatwe ghafla hata kama miezi imepita bila kuanguka, kwa sababu kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege zisizokatika, ambazo zilikuwa miongoni mwa visababishi vya vifo vya wagonjwa wa Mahenge.

Na daftari la kliniki litunzwe. Likijaa, lisitumiwe kufungia vidonge; liwekwe kabatini, liandikwe tarehe ya mwanzo na ya mwisho juu ya jalada.